Kuongeza RAM na kadi ya grafiksi kwenye kompyuta ya zamani ya nyumbani, anza na mashine kabla hujaenda dukani

Wakuu, nimeamua niandike hili jambo kwa kirefu mara moja maana kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lilelile, kompyuta yangu ya mezani imekuwa nzito, niongeze RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu zilizofunguliwa zinafanyia kazi) au ninunue kadi ya grafiksi (ile inayochora picha za kwenye kioo)? Ukimuuliza mashine yenyewe ni ipi anakujibu "ni Dell, nyeusi". Na hapo ndo hela za watu zinapopotelea, kwasababu kwenye kompyuta ya zamani sio wewe unayechagua kadi, mashine ndo inayochagua. Pawa saplai yake ina wati ngapi, kesi yake ina nafasi kiasi gani, madabodi yake, ule ubao mkuu wa ndani, inakubali RAM ya aina gani. Ukishayajua hayo matatu, kazi iliyobaki ni ya nusu saa na bisibisi moja. Usipoyajua utarudi dukani mara tatu na nauli ni yako.

Nitaelezea kwa kutumia mashine moja ninayoijua nje ndani, Dell OptiPlex 7010, ile ya mwaka 2012. Nimeichagua kwasababu zimejaa mitaani, ni kompyuta za maofisi ya nje ambazo zikishatumika miaka kadhaa zinauzwa kwa jumla na kuletwa huku mtumba, unazikuta Kariakoo, unazikuta Luthuli Avenue pale Nairobi, zinadumu kweli kweli. Kama yako ni HP au Lenovo ya miaka hiyohiyo mambo ni karibu yaleyale. Ila angalizo, Dell walikuja kulirudia hilo jina la 7010 mwaka 2023 kwenye mashine mpya kabisa, kwahiyo ukitafuta maelezo mtandaoni hakikisha unasoma ya ile ya zamani, yenye prosesa za Intel kizazi cha 3, usije ukanunua RAM ya mashine nyingine.

Ya nyumbani kwetu anaitumia mdogo wangu wa kike anayesoma usanifu majengo. Ilikuwa na prosesa ya i5-3470, RAM giga 4 basi. Akifungua AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani za majengo, na Chrome yenye tabu kumi hivi, mshale wa mausi unasimama, anasubiri, unatembea kidogo, unasimama tena, afu anaita "kaka njoo uone, imegoma tena". Kazi ya kesho asubuhi iko humo ndani. Nilichomfanyia ndo hiki ninachokiandika hapa.

Kwanza mashine ikuambie yenyewe

Fungua kazi zako zote za kila siku kama kawaida, uziache wazi, ndo ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, ingia kwenye Performance afu Memory. Pale angalia imetumika giga ngapi, spidi ni ngapi, na sloti zilizotumika ni ngapi kati ya ngapi. Kama RAM imebaki kidogo sana na taa ya hadi diski inawaka bila kupumzika basi hapo RAM imejaa na Windows inahamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ikifananishwa na RAM ni konokono. Dawa yake ni RAM, kadi ya grafiksi haitakusaidia chochote. Lakini kama RAM ipo ya kutosha ila gemu inakatakata, au ukizungusha mchoro wa 3D unakwenda kwa kurukaruka, hapo sasa ndo tuzungumzie kadi.

Ukiwa hapohapo, angalia kama Windows yako ni ya 64-bit au 32-bit, ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause utaona kwenye sehemu ya System type. Windows ya 32-bit haiwezi kutumia zaidi ya giga 4 hata ukiweka 16, na kiukweli utaona 3 na kitu tu. Nimekutana na watu wawili wamebadilisha RAM, wakaona hakuna tofauti, wakaamini wameuziwa mbovu wakarudisha, kumbe tatizo Windows yenyewe. Hapo ni kupiga Windows upya ya 64-bit, na kabla ya hapo kopi mafaili yako yote kwenye flashi au diski ya nje.

Sasa zima, fungua ubavu wa kesi usome kwa macho. Pawa saplai ina stika kubwa ubavuni, tafuta neno linaloishia na W. Kwenye 7010 inategemea umbo la kesi, ile kubwa ya kusimama inayoitwa Minitower ina wati 275, ile ya kulala inayoitwa Desktop ina 250, ile nyembamba ya SFF ina 240, na ile ndogo kabisa ya USFF ina 200. Hiyo ya USFF nikuambie mapema, haina sehemu ya kuweka kadi ya grafiksi na RAM yake ni ile fupi ya laptop, kwahiyo wewe ishia kwenye RAM.

Afu angalia waya zinazotoka kwenye pawa saplai. Kadi kubwa za grafiksi zinahitaji waya wake wa umeme wenye pini 6 au 8, na pawa saplai za hizi Dell hazina huo waya. Maana yake kadi yako lazima iishi kwa umeme wa sloti peke yake, na sloti ya PCI Express inatoa wati 75, mwisho. Hii namba 75 iandike kwenye kiganja, ndo itakayokuchagulia kadi.

Kama una rula, pima pia urefu kuanzia nyuma ya kesi, pale kwenye vibamba vya chuma, mpaka utakapogonga kikapu cha diski. Piga na picha ya ndani kwa simu, picha moja ya madabodi nzima na moja ya stika ya RAM iliyopo. Ukifika dukani hiyo picha inaongea kuliko wewe.

RAM, soma stika usisome maneno ya muuzaji

7010 inatumia DDR3. Haiingii DDR4 hata ukilazimisha, DDR3 ina pini 240 na DDR4 ina 288, na kile kikato cha katikati kimekaa sehemu tofauti makusudi ili usikosee. Minitower, Desktop na SFF zina sloti nne, kila sloti inabeba mpaka giga 8, jumla 32. RAM ya DDR3 ya giga 16 kwenye kijiti kimoja ipo duniani lakini prosesa hizi za kizazi cha 3 haziitambui, usiinunue hata kama ni bei ya kutupa.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo niliposhikwa mimi mwenyewe. Chukua kijiti cha RAM mkononi usome stika. Utaona kitu kama hiki: 8GB 2Rx8 PC3L-12800U. Giga 8 unaijua. 2Rx8 ni mpangilio wa chipu, 2R ni makundi mawili ya chipu, na x8 ndo unayoitaka. PC3 maana yake DDR3, ikiwa na L mbele yake ni ile ya volti 1.35 badala ya 1.5, na kwenye 7010 yetu ya L imefanya kazi bila shida. 12800 ni spidi, ni sawasawa na kusema 1600, na kijiti kimoja kinapitisha megabaiti 12,800 kwa sekunde. Sasa ile herufi ya mwisho ndo roho ya habari yote. U ni ya kompyuta ya kawaida, chukua. S ni ya laptop, ni fupi, utaiona tu. R ni ya seva. Ile ya R ina urefu uleule, pini zilezile, inaingia kwenye sloti vizuri kabisa na inabana kabisa, lakini mashine haiwaki. Na kwasababu maseva ya zamani yanavunjwa kwa wingi, hizo za R zinauzwa rahisi mno, na muuzaji mwenyewe mara nyingine hajui anachouza.

Mi nilinunua vijiti viwili vya giga 8 kwenye duka moja, nikafurahia bei, nikafika nyumbani nikaweka, nikawasha, feni inazunguka, kioo cheusi, taa ya kitufe cha pawa inapepesa rangi ya chungwa, spika ya ndani inalia. Nikatoa nikarudisha, nikabadilisha sloti, saa nzima. Mdogo wangu amenishikia tochi ya simu anakodolea vijiti, ndo akauliza "kaka hii R ya mwisho ni ya nini, mbona ile ya zamani ina U?" Jibu likawa hilo. Kesho yake nikabadilishiwa, lakini siku imeshapotea.

Kuna mtego mwingine, RAM za DDR3 za giga 8 zinazouzwa mtandaoni zikiwa zimeandikwa ni za AMD tu. Hizo zina chipu za mpangilio wa x4, mashine za Intel hazizipokei. Ukiona maandishi hayo, au ukiona bei iko chini kuliko wenzake wote, pita.

Kuhusu kiasi, kwa ofisi, shule na kuvinjari giga 8 inatosha vizuri, kwa michoro, kuhariri video na gemu weka 16. 32 kwenye mashine hii ni kwa mtu anayejua anaitumia wapi. Na nunua vijiti viwili vinavyofanana, yaani 4 na 4 au 8 na 8, kuliko kimoja kikubwa. Sababu ni kwamba vikikaa viwili kwenye sloti za jozi mashine inasoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, ile 12,800 inakuwa 25,600. Kwa mtu ambaye hana kadi ya grafiksi hii inamfaa mara mbili, maana grafiksi ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM hiyohiyo, kwahiyo RAM ikiwa na kasi na picha inatulia. Kuna watu wakiweka tu jozi ya RAM, tatizo la grafiksi walilokuwa wanalilalamikia linapungua mpaka hawanunui tena kadi. Ndo maana nasema RAM kwanza, tumia wiki moja, ndo uamue.

Na kama bado unatumia hadi diski ya kuzunguka, tafadhali weka SSD, ile diski isiyozunguka, kabla ya kadi. Hata ndogo ya giga 240. Mashine kuwaka, programu kufunguka, kote utaona tofauti siku hiyohiyo.

Kuweka RAM yenyewe

Zima kabisa, sio kulaza. Chomoa waya wa umeme, chomoa vyote vya nyuma, afu bonyeza kitufe cha pawa ushikilie kama sekunde kumi na tano, umeme uliobaki ndani uishe. Weka kesi mezani imelala ubavu, sio kwenye zulia wala kitandani. Gusa chuma cha kesi sehemu isiyo na rangi kabla hujagusa chochote ndani, na uwe unarudia kugusa kila baada ya muda, hiyo inatoa umeme wa mwilini ambao wewe huusikii lakini chipu inausikia.

Kama haijafunguliwa miaka mingi utakutana na vumbi limeshikana kama blanketi. Toa nje ya nyumba, tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, na blowa kama unayo, ila shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Sisi wa pwani kuna na chumvi ya hewa, pini za RAM zinakuwa na weusi fulani. Chukua raba safi ya penseli, futa zile pini za dhahabu taratibu kwa upande mmoja, pangusa makombo yote kwa brashi, sio mdomo, mate yanaruka. Nimefufua RAM kadhaa zilizoambiwa zimekufa kwa raba tu.

Sukuma vibano vya pembeni viwili kwenda nje, kijiti cha zamani kitanyanyuka chenyewe. Shika kijiti kipya kwa kingo zake, tazama kile kikato cha chini kiendane na kidole cha kwenye sloti, ingiza wima, afu bonyeza kwa gumba mbili, moja kila upande, kwa nguvu inayoeleweka. Utasikia tak, na upande wa pili tak. Vibano vinajifunga vyenyewe. Watu wengi wanaogopa kubonyeza, wanaacha upande mmoja umeinuka milimita moja, mashine haiwaki, wanasema RAM mbovu. Tazama kwa pembeni, mstari wa chini uwe sambamba na sloti. Na jozi iwekwe kwenye sloti zenye vibano vya rangi moja, kwenye Dell anza na vile vyeupe.

Washa kabla hujafunga kesi. Mara ya kwanza inaweza kuchelewa kidogo au kukupa ujumbe kwamba kiasi cha RAM kimebadilika, kubali uendelee. Bonyeza F2 inapowaka, uingie BIOS, ile programu ya msingi ya madabodi, uone kiasi, spidi, na kama imeandika Dual kwenye sehemu ya Channel. Kisha ipime kwa Memtest86+, ni programu ya bure unaiweka kwenye flashi, unaiwasha kwa F12, unaiacha usiku kucha. Kosa hata moja jekundu, kijiti hicho kirudishe. Usikae na RAM yenye kosa moja ukasema si moja tu, hilo moja ndo litakaloharibu faili lako la mradi siku unayolihitaji.

Kadi ya grafiksi, namba 75

Turudi kwenye ile namba ya kwenye kiganja. Kwa Minitower, kadi zisizo na waya wa ziada ambazo zimethibitika ni GTX 750 Ti ya 2014 inayokula wati 60, GTX 1050 Ti ya 2016 yenye giga 4 inayokula 75, na GTX 1650 ya 2019 nayo 75. Lakini angalia, 1050 Ti na 1650 watengenezaji wengine waliziwekea tundu la pini 6 ili waziongezee kasi, hizo sio zako. Geuza kadi utazame ukingo wa juu na wa mwisho, kukiwa na tundu jeusi la pini, irudishe kabatini. Tukipiga hesabu, prosesa ya i5-3470 imewekewa kikomo cha wati 77, kadi 75, madabodi na diski na feni tuziwekee 40, haifiki 200, na pawa saplai ina 275. Inatosha na hewa inabaki.

Muuzaji anaweza kukuambia chukua tu kadi kubwa, kuna adapta ya kugeuza waya wa SATA kuwa pini 6. Kataa. Tundu la umeme la SATA limetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na ile pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Waya unapata joto, plastiki inayeyuka, na sio kompyuta tu inayoungua, ni nyumba. Kama unataka kadi kubwa badilisha pawa saplai nzima. 7010 Minitower bahati nzuri ina tundu la kawaida la pini 24 kwenye madabodi, ila ndugu yake aliyemfuata, 9020, ana tundu la Dell lenyewe la pini 8, yeye anahitaji adapta maalumu.

Wenye SFF, kesi yenu ni nyembamba, kadi ya kawaida ukiiweka kesi haifungi. Mnatafuta zile za kimo kifupi, wauzaji wanaziita loo profaili, na hakikisha kile kibamba kifupi cha chuma kipo kwenye boksi. Chukueni ya unene wa sloti moja na isiyokula sana, GT 1030 ya wati 30, au zile za kazi za Quadro, P600 ya wati 40 na P1000 ya wati 47, hizi Quadro mtumba zinapatikana na kwa AutoCAD ziko vizuri sana, ila matundu yake ni DisplayPort ndogo kwahiyo bajeti ya adapta iweke. Kwenye GT 1030 kuna mbili zenye jina moja, moja ina kumbukumbu ya GDDR5 na nyingine DDR4. Ya DDR4 kumbukumbu yake inapitisha karibu theluthi moja tu ya mwenzake. Soma boksi, ukikuta DDR4 achana nayo.

Kuna kadi mpya mpya zinazovutia nazo niziseme. RX 6400 inakula wati 53 na ipo ya kimo kifupi, ila inatumia njia nne tu za PCI Express na imekusudiwa kwa PCI Express ya kizazi cha 4, kwenye mashine yetu yenye PCI Express ya kizazi cha 3 inapoteza kasi, na haina kifaa cha kurekodi video ndani yake. Intel Arc A380 inategemea setingi moja ya BIOS inaitwa Resizable BAR ambayo mashine za umri huu hazina, usiijaribu. Na jambo la draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, Nvidia walimaliza draiva za gemu za kawaida kwa familia za 750 Ti, 1030 na 1050 Ti Oktoba 2025, zimebaki apdeti za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Zitaendelea kufanya kazi, lakini ukiwa na hela ya kuchagua kati ya 1050 Ti na 1650, chukua 1650.

Sasa feki. Kadi inayoghushiwa sana ni hiyohiyo 1050 Ti. Wanachukua GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011, wanabadilisha BIOS yake, Windows inaisoma kama 1050 Ti ya giga 4. Dalili ya kwanza unaiona kwa macho bila kuwasha kitu, tundu la bluu la VGA. Familia ya GTX 10 haitoi VGA kabisa, kwahiyo 1050 Ti yenye tundu la bluu ishuku palepale. Dalili ya pili, mwambie muuzaji aiweke kwenye mashine yake afungue GPU-Z, ni programu ndogo ya bure. 1050 Ti ya kweli ina shader (vile viini vidogo vya kuchora picha) 768 na chipu inaitwa GP107. Ukiona 192, ni hiyo ya kughushi, na GPU-Z yenyewe mara nyingi inaandika neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji anayekataa kuiwasha mbele yako mshukuru, toka.

Hilo la VGA linagusa na monita yako. Nyumba nyingi monita ni ya zamani yenye VGA tu. Ukiwa na 1050 Ti utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA yenye kifaa ndani cha kubadilisha mawimbi, sio ile ya plastiki tupu ya DVI kwenda VGA, hiyo haitatoa picha. Nyumbani kwetu tulimaliza kila kitu vizuri usiku saa nne, tukakosa adapta, mdogo wangu akalala bila kuona. Inunue siku hiyohiyo ya kadi.

Kuiweka

Kabla ya kufungua, ingia tovuti ya Dell, andika ile Service Tag ya herufi na namba saba iliyo kwenye stika ya kesi, shusha BIOS ya mwisho, kwa 7010 ni A29, uiweke. BIOS za mwanzo zinaweza kuwa na ugomvi na kadi za baadae. Ila fanya hivyo ukiwa na UPS, ile betri ya akiba ya umeme, au muda ambao una uhakika na umeme, umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS madabodi inaweza kufa palepale.

Zima, chomoa, rudia yale ya kutoa umeme. Sloti yako ni ile ndefu iliyo karibu na prosesa. Kuna ndefu nyingine mbali kidogo inafanana nayo lakini ndani ina njia nne tu, usidanganyike na urefu. Fungua kishikio cha plastiki cha nyuma, toa vibamba vya chuma vya kutosha unene wa kadi (mashine nyingine vimefungwa skrubu moja moja), ingiza kadi wima, bonyeza mpaka ikae sawa na kile kindoano cha mwisho wa sloti kikamate. Hakikisha hakuna waya unaogusa feni yake. Funga kishikio.

Kebo ya monita sasa chomeka kwenye kadi, sio pale pa zamani kwenye madabodi. Simu nyingi ninazopigiwa za "nimeweka kadi kioo kimekuwa cheusi" zinaishia hapo. Washa, picha itakuja kubwa na mbaya, ni sawa, draiva bado. Shusha draiva kutoka tovuti ya Nvidia au AMD wenyewe, sio kwenye zile programu zinazojinadi kutafuta draiva zote. Kama ulikuwa na kadi nyingine kabla, futa draiva za zamani kwanza kwa programu inayoitwa DDU.

Baada ya hapo ipe kazi nzito dakika ishirini, gemu au 3D, huku GPU-Z inaonyesha joto. Nyuzi 60 mpaka 75 ni raha. Ikipita 85 kaangalie hewa, mara nyingi kesi imebanwa ukutani au feni ya mbele imejaa vumbi. Nyumba zetu hazina kiyoyozi, mwezi wa pili Dar joto la chumba lenyewe ni mzigo, kwahiyo isogeze kesi ipumue.

Jambo moja la Windows. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haipokei prosesa za kizazi cha 3. Kuna mpango wa kupata apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026 kwa watumiaji wa nyumbani, jiunge nao kama unategemea programu za Windows kama mdogo wangu. Kama kazi zako ni kivinjari, kuandika na kuangalia video, weka Linux Mint, ukiwa na giga 8 na SSD itakwenda vizuri bila gharama ya leseni.

Vile vijiti vyako vya zamani vya giga 2 usiviuze wala usivitupe, hata ukipewa elfu tano. Vifunge kwenye kimfuko cha plastiki kile cha kijivu kilichokuja na RAM mpya, andika tarehe, weka chini ya kesi. Siku mashine ikigoma kuwaka ndo utaviweka ujue kama tatizo ni RAM mpya au ni kitu kingine, bila kwenda kwa fundi.